Je, Wajua? Injini za Liemba Zilizama, Zikafufuka

Je, wajua kwamba injini za meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika zililala majini miaka mingi, kisha zikafanya kazi tena? Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe vitani, lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini na boila zilikuwa bado zinafaa. Ikakarabatiwa, ikarudi kazini mwaka 1927.

Siri ni grisi: huzuia maji na hewa kugusa chuma, na pasipo viwili hivyo kutu haishiki.

Nawe mwenye boti, injini iliyokaa miaka usiiwashe papo hapo. Ondoa mafuta ya zamani, fungua plagi, tia oili kidogo kwenye silinda, kisha izungushe taratibu kwa mkono. Badilisha impela ya pampu ya maji, maana mpira wake hukakamaa. Injini ikikwama, usiilazimishe; mwite fundi.