Ahsante ya Aliyekuunganishia Kazi: Nani Ailipe?

Kijana wa Berega akipata kazi ya mshahara, mara nyingi hakuisoma kwenye tangazo. Aliambiwa. Shemeji yake aliyeko Kimamba alipiga simu kwamba kuna mkandarasi anachukua vibarua. Au mtu aliyesoma naye shule ya msingi, ambaye sasa ni mhudumu katika hoteli moja ya Mikumi, alimtumia ujumbe kwamba mpishi ameacha kazi na nafasi iko wazi. Berega ni kijiji cha wakulima, na mwajiri mkubwa pale ni hospitali ya Kanisa Anglikana. Kazi nyingine nyingi zimetawanyika katika wilaya nzima ya Kilosa na nje yake: miwa ya Ruhembe na Mbigiri, mkonge wa upande wa Kimamba na Rudewa, nyumba za wageni kando ya hifadhi ya Mikumi, na kwa wenye bahati zaidi, Morogoro mjini. Katikati ya kijana na kazi hizo yupo mtu. Vijana humwita konekshini. Na kazi ikishapatikana, mtu huyo hungoja ahsante yake.

Ahsante hiyo leo hutoka mfukoni mwa aliyepata kazi. Pengine ni sehemu ya mshahara wa kwanza, pengine ni fedha iliyotangulizwa hata kabla ya jina kuandikwa, na mzazi ameuza gunia la mahindi au mbuzi ili itimie. Tumeizoea hali hii hata tunaiona ni adabu: aliyekushika mkono umkumbuke. Hoja yangu ni kwamba ahsante yenyewe ni halali, kwa sababu kumwunganishia mtu kazi ni kazi. Aliyefanya hivyo ametumia muda, vocha na heshima yake. Kosa liko kwa anayeilipa na siku inapolipwa. Anayefaidika kwa kupata mfanyakazi mzuri ni mwajiri, basi mwajiri ndiye anayepaswa kulipa, na alipe baada ya kuona kwamba mtu aliyeletwa anafanya kazi na amekaa. Ikilipwa na mtafuta kazi inakuwa rushwa. Mwajiri naye akiilipa kwa hesabu ya vichwa tu, tunarudi mahali ambapo Kilosa ilishawahi kufika.

Kilosa inapajua mahali hapo. Reli ya Kati ilipopita hapa kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mashamba makubwa yalifuata njia yake, na mkonge ukatawala ardhi ya Kimamba na jirani zake. Wenye mashamba walitaka mikono mingi kuliko waliyoweza kuipata kwa Wakaguru, Wasagara na Waluguru, watu waliokuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuyaacha msimu wa mvua ili wakate mkonge wa mtu mwingine. Basi wakatumwa mawakala mbali, Unyamwezi kwanza, baadaye Kigoma na Songea. Wakala alilipwa kwa kila mtu aliyemwandikisha. Hali ilichafuka mapema kiasi kwamba mwaka 1909 serikali ya Kijerumani ilibidi itoe kanuni za uandikishaji wa wafanyakazi. Mwaka 1944, chini ya Waingereza, wakulima wa mkonge waliunda chombo chao wenyewe cha kuandikisha watu, SILABU, jina ambalo wazee wa Kigoma, Njombe na Songea wanalikumbuka hadi leo. Mtu aliandikishwa, akapewa namba, akapakiwa. Namba hiyo ndiyo iliyozaa neno manamba, na Kiswahili kimelitunza kama kovu.

Tukitazame kipande, ile kadi ya kazi ya manamba. Ilikuwa na nafasi za siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja iliwekewa alama, na mshahara haukutoka mpaka zote 30 zijae. Asipomaliza alichopimiwa, siku hiyo haikuhesabiwa, kwa hiyo mwezi wa kipande ungeweza kumeza wiki sita za kalenda. Mtu aliyetoka Kasulu alilijua jambo hili akiwa tayari shambani, mbali na kwao. Wakala aliyemchukua alikuwa ameshalipwa. Kazi yake iliishia pale mtu alipopanda gari moshi. Kama posho ilikuwa ndogo kuliko ilivyosemwa, kama kambi ilivuja, kama mtu alitoroka usiku wa tatu, yeye hakupungukiwa na senti. Malipo ya kichwa yalimfundisha kuleta wengi na kusema lolote litakalowaleta. Hakuhitaji kuwa mtu mbaya. Namna aliyolipwa ilitosha.

Uovu huu ulijulikana duniani kote. Mwaka 1936 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 50 kuhusu uandikishaji wa wafanyakazi katika makoloni. Mkataba huo ulikataza machifu kuwa mawakala wa kuandikisha watu, kuwasukuma watu wao waende, au kupokea malipo yoyote maalumu kwa kusaidia uandikishaji. Ulimtaja pia mfanyakazi wa kawaida anayetumwa kwao na mwajiri wake kuleta wenzake: aweze kutumwa kwa maandishi, lakini asipewe ujira wala faida yoyote kwa kazi hiyo. Hapa mtu anaweza kunipinga kwa haki kabisa. Kama walioiona hali ile kwa macho waliamua mfanyakazi asilipwe kwa kuleta mwenzake, kwa nini leo tulipe?

Jibu liko katika kilichoogopwa. Mwaka 1936 mtu wa kijijini hakuwa na njia rahisi ya kumwuliza mtu mwingine habari za shamba analopelekwa, na akifika alibanwa na mkataba ambao kuuvunja kulikuwa kosa la jinai. Malipo yoyote kwa aliyemleta yalikuwa malipo ya kumtia mtegoni. Leo kijana wa Berega anaweza kuacha kibarua Ijumaa na Jumamosi akawa nyumbani, na kabla hajaenda anaweza kumpigia simu yeyote aliyeko huko. Malipo yanayongoja hadi mtu atulie kazini hayafanani na malipo ya siku ya kupakiwa. Yanamlazimisha aliyeunganisha kusema ukweli, maana akidanganya mtu ataondoka na yeye atakosa. Lakini sehemu moja ya mkataba ule naiona inafaa kama ilivyo. Mkandarasi anapofika kijijini leo, mara nyingi huanzia ofisi ya kijiji, na vijana huombwa barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji au mwenyekiti. Viongozi hawa wamekalia kiti kilekile cha chifu wa 1936. Wasipokee chochote, si kwa mwajiri wala kwa mtafuta kazi, kwa sababu barua yao ni haki ya mwananchi.

Kwamba namna ya kulipa hubadilisha nani analetwa, halihitaji kubaki dhana. Wachumi Lori Beaman na Jeremy Magruder walilijaribu jambo hili mjini Kolkata, India, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Waliwapa watu kazi ya muda, kisha wakawaambia kila mmoja alete mwenzake. Baadhi waliahidiwa kiasi kilekile vyovyote itakavyokuwa. Wengine waliambiwa malipo yatategemea jinsi aliyeletwa atakavyofanya kazi. Waliokuwa na uhakika wa malipo walielekea zaidi kwa ndugu. Ambao malipo yao yalitegemea matokeo walipunguza ndugu na kuongeza watu waliowahi kufanya nao kazi, na wale waliokuwa hodari wenyewe ndio walioleta hodari wenzao. Jambo hili kila nyapara mzoefu analijua: fundi mzuri anamjua fundi mzuri.

Tena mwenye habari ya kazi mara nyingi si ndugu wa karibu. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji wanaume wa Newton, karibu na Boston, Marekani, waliokuwa wamebadilisha kazi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1974. Zaidi ya nusu walipata kazi kupitia mtu. Ila kati ya hao, takriban 17 tu katika kila 100 walipata kwa mtu waliyekuwa wakionana naye mara kwa mara. Waliobaki waliambiwa na mtu wa kukutana naye mara mojamoja au kwa nadra. Sababu yake inaeleweka hata Berega. Ndugu na rafiki wa jirani wanajua unachokijua. Mtu mliyeachana baada ya kumaliza shule, akaenda Mikumi, ndiye anayejua usichokijua. Tatizo ni kwamba huyu wa mbali hana deni la ukoo kwako. Mjomba atakutafutia kazi bila kuombwa, na kwa Wakaguru, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, neno la mjomba ni zito. Mtu wa mbali anahitaji sababu ya kukukumbuka, na ahsante ya mwajiri ni sababu nzuri.

Inawezekana hata kuifikisha mbali zaidi. Desemba 2009 idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, DARPA, ilitundika baloni 10 nyekundu sehemu mbalimbali za nchi ile na kuahidi dola 40,000 kwa wa kwanza atakayejua zote ziko wapi. Kikundi cha chuo cha MIT kilishinda kwa muda usiofika saa tisa. Mbinu yao ilikuwa kugawa zawadi kwa mnyororo: aliyeiona baloni alipewa dola 2,000, aliyemwalika huyo 1,000, aliyemwalika wa pili 500, na kuendelea. Kwa hiyo hata asiyeweza kuona baloni alikuwa na faida kumwambia mtu mwingine. Hoteli inayotafuta mpishi inaweza kuiga hesabu hii kwa fedha ndogo sana. Tuseme imetenga shilingi 60,000. Mpishi akishamaliza miezi mitatu, aliyemleta apate 40,000, na aliyempa huyo habari apate 20,000. Fedha hiyo haizidi hasara ya wiki moja ya jiko lisilo na mpishi. Mnyororo uishie hapo, kwa viungo viwili. Ukirefushwa na watu wakaanza kutozwa ili wajiunge, unageuka ule upatu uliokwishawaliza Watanzania wengi.

Pingamizi kubwa kuliko yote, na linalonipa uzito moyoni, ni la yule asiye na mtu. Yatima, mwanamke aliyeachika na kurudi kwao, kijana aliyehamia juzi, hawa hawana wa kuwataja. Na utafiti unawaunga mkono. Beaman na wenzake walifanya jaribio lingine Malawi, lililochapishwa mwaka 2018, na wakaona kwamba wanaume wakiachiwa wachague wa kumleta, huleta wanaume wenzao kwa wingi, ingawa wanawake wenye sifa wapo na wanawajua. Kuongeza fedha kwenye desturi ya namna hiyo kunaweza kuufunga mlango uliokuwa umeegeshwa tu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu atokako na jinsia, na mwajiri asijitetee kwamba aliyebagua ni mfanyakazi wake aliyeleta majina. Kwa hiyo ahsante haiwezi kusimama peke yake. Kila nafasi ibandikwe pia pale watu wanapopita: ubao wa ofisi ya kata, hospitali, kanisa, msikiti, stendi. Atakayekuja na karatasi yake mwenyewe apimwe kwa kipimo kilekile cha aliyeletwa. Na mwenye mamlaka ya kuajiri asipate kamwe zawadi ya kuleta mtu, maana huyo angekuwa anajilipa mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba fedha itaua undugu. Nawaheshimu, lakini naomba watazame undugu unavyoteseka sasa. Kijana akikatwa mshahara wa kwanza na aliyemwita kaka, undugu unabaki na nini? Na binti anapoambiwa kwamba nafasi ipo ila inategemea yeye mwenyewe, hiyo ni rushwa ya ngono, ambayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja kuwa kosa. Mambo haya yanastawi kwa sababu njia ya kazi imejificha. Kiasi cha ahsante kikiandikwa ukutani kwenye ofisi ya mwajiri, kikajulikana nani analipwa na lini, dalali wa gizani anabaki hana cha kuuza. Mwaka 1997 Shirika la Kazi la Kimataifa liliweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kinachomkataza wakala mwenye ofisi kitukataze nasi tusio na ofisi.

Waajiri wa Kilosa na Mikumi wanaweza kuanza msimu huu huu, bila kungoja sheria mpya: waandike kiasi, waandike tarehe, walipe wenyewe. Na wewe unayetafuta kazi, ukiambiwa utoe kitu ili uunganishwe, usitoe hata shilingi mia. Uliza jina la mwajiri, nenda kamwulize mwenyewe, na ukidaiwa tena, peleka habari hiyo kwa taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU.