Raki ya Seva Garsen: Pima Kina Kabla Utoe Doh

Wasee wa Garsen hadi Ndera mnaofungua saiba ama mnaowekea shule mtandao, hii ni yenu. Raki hupimwa kwa U. U moja ni milimita 44.45, na upana wa karibu zote ni inchi 19, so hapo hakuna stori. Hesabu vitu zako: pachi paneli 1U, swichi 1U, rauta kwa shelfu 1U, seva 1U, UPS 2U. Hiyo ni 6U. Chukua 9U, juu hautakaa na swichi moja milele.

Pahali wasee huchomeka ni kina. Raki nyingi za ukuta zina kina cha milimita 450 ama 600. Seva ya 1U mara nyingi hufika 700, na bado nyaya za nyuma zinataka nafasi. Boksi imetoka Mombasa, ushalipa usafiri, mlango haufungi. Nani atakurudishia hiyo ganji? Tafuta seva fupi, ama kabati ya kusimama yenye kina cha 1000.

Lakini ya kusimama usiiweke tu sakafuni, manze. Mto Tana tunaujua, na mafuriko ya 2023 hayakubisha hodi. Ijengee msingi wa zege wa juu. Ya ukutani nayo, cheki ukuta kwanza: UPS ni nzito, fito na udongo hazitaishikilia. Na kwa hili joto letu, chukua mlango wa matundu. Wa kioo waachie wasee wa Nairobi wenye AC.