Kufundisha Uchunguzi wa Hitilafu: Mfano wa Kompyuta Inayozimika kwa Sababu ya Mipangilio ya Kumbukumbu

Mwanachuo anayehitimu huenda akapangiwa shule yenye kompyuta chache na isiyo na fundi. Mashine itakapozimika katikati ya kipindi, macho yote yataelekea kwake. Akibahatisha, shule itanunua kifaa isichokihitaji, au itaitupa stoo mashine iliyo nzima. Makala haya yanaeleza chanzo kimoja cha hitilafu hiyo, yaani mipangilio ya kumbukumbu isiyo sahihi, na jinsi ya kukifundisha ili mwanachuo ajifunze pia njia ya kulitafuta jibu.

Chanzo cha hitilafu

Kila kazi inayofanywa na kompyuta huwekwa kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu. Kumbukumbu hiyo hufuata mipangilio mitatu mikuu: kasi, muda wa kusubiri jibu, na kiasi cha umeme. Mipangilio hiyo hubadilishwa katika bayosi, programu ya awali inayoamka kabla ya Windows au Linux.

Mfano wa imla unafaa hapa. Mwalimu akisoma polepole, mwanafunzi huandika kila neno. Akiharakisha kupita kiasi, maneno hurukwa. Ramu nayo ikiharakishwa kupita uwezo wake hukosea; tena ramu ya kawaida haisemi kwamba imekosea, bali hurudisha neno lisilo sahihi kana kwamba ndilo. Kompyuta hulitumia neno hilo, na hatimaye huanguka.

Hesabu ndogo hudhihirisha jambo hili. Ramu ya aina ya DDR4 yenye kasi iitwayo 3200 hupokea mapigo 1,600,000,000 kwa sekunde, hivyo kila pigo huchukua nanosekunde 0.625. Ikipangiwa kujibu baada ya mapigo 22, hupata nanosekunde 13.75. Ikipangiwa mapigo 16, hubakiwa na nanosekunde 10 tu. Vipande vilivyotengenezwa kwa mwendo huo huuweza, mara nyingi kwa umeme wa volti 1.35 badala ya 1.2 za kawaida. Utaratibu uitwao XMP, uliobuniwa na kampuni ya Intel, hubadilisha mambo hayo yote kwa mkupuo. Hatari huja pale utaratibu huo unapowashwa kwenye mashine iliyochanganya vipande visivyolingana.

Dalili na tahadhari

Kompyuta yenye hitilafu hii huzimika bila mpango: leo wakati wa kuchapa barua, kesho wakati wa kufungua picha. Huweza kujiwasha upya, kuharibu mafaili, au kuonyesha maneno kama MEMORY_MANAGEMENT. Hata hivyo, joto jingi, kifaa dhaifu cha kugawa umeme na diski mbovu huweza kuleta dalili zinazofanana na hizo. Kwa hiyo dalili peke yake si ushahidi.

Hatua za uchunguzi

(a) Andika ilivyo. Kabla ya kugusa lolote, nakili mipangilio iliyopo, maneno ya hitilafu, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Kazi muhimu zinakiliwe kwingine.

(b) Pima. Ikiwa mashine inawaka, endesha Memtest86+, programu ya bure inayoanzishwa kutoka kwenye flashi. Iache imalize mzunguko mzima, hata ikichukua saa kadhaa. Kosa moja linatosha kuonyesha kasoro.

(c) Rudisha mipangilio ya kiwandani. Bayosi ya mashine nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza Del au F2 mara tu inapowashwa. Kama kioo hakionyeshi kitu, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha toa kwa dakika chache betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu. Ukiirudisha, sahihisha tarehe na saa.

(d) Pima tena. Kama makosa yaliyokuwapo yametoweka, mipangilio ndiyo inayoshukiwa. Irejeshe mmoja mmoja ukipima kila mara. Kama makosa yamebaki, pima kila kipande peke yake katika nafasi ileile ya kuchomekea. Kosa likihama pamoja na kipande, kipande ni kibovu. Likibaki na nafasi, kasoro huenda ipo kwenye ubao.

Mashine nyingi za ofisini haziruhusu mipangilio ya ramu kubadilishwa. Kwa hizo, nguvu zielekezwe kwenye vipande na nafasi zake.

Katika darasa

Chuo chenye kompyuta moja kinaweza kulifundisha somo hili kwa kadi za mifano. Wanachuo wakae wanne wanne, na kila kundi lichore jedwali lenye safu nne: dhana, sababu ya dhana, jaribio, matokeo. Kanuni iwe moja: katika jaribio moja hubadilishwa kitu kimoja tu. Anayebadilisha mipangilio na kung'oa kipande kwa pamoja huenda akaiponya mashine, lakini hatajua alichokiponya.

Kadi moja yaweza kusema hivi: mashine ina vipande viwili, kimoja cha kasi 2400 na kingine cha 3200, imepangiwa 3200, kipimo kinaonyesha makosa. Mipangilio iliporudishwa, vyote viwili vilikwenda kwa 2400 na makosa yakaisha. Je, kipande cha 2400 ni kibovu?

Wengi hujibu upesi kwamba ni kibovu. Mkufunzi asiwasahihishe mara moja, bali awaelekeze kwenye safu ya matokeo. Humo wataona kwamba kipande kilifanya kazi vyema kwa mwendo ambao mtengenezaji wake aliuahidi. Kilichokosewa ni agizo. Kukitupa ni kupoteza mali ya shule.

Mtihani wa somo hili basi usiishie kuuliza majina ya sehemu za kompyuta. Mpe mwanachuo jedwali lililojazwa nusu, naye aeleze jaribio linalofuata na sababu ya kulichagua. Akiweza hilo, ataweza pia kuichunguza mashine ya aina ambayo hakuwahi kuiona chuoni.