Mgongo Unaopinda na Mtoto Anayerefuka

Mara nyingi anayegundua si daktari. Ni fundi cherehani aliyepima sketi ya shule na kukunja upindo sawasawa, lakini binti akiivaa, upande mmoja unaning'inia. Au ni mama anayemsuka mwanawe, mtoto ameketi chini kati ya magoti yake, akainama kidogo, na kombe la bega moja likajitokeza kuliko la pili. Mama anamwambia, "Hebu kaa vizuri." Mtoto anakaa vizuri, na kombe linabaki palepale.

Hali hiyo huitwa skoliosisi: uti wa mgongo hupinda kwenda ubavuni huku pingili zake zikijizungusha, na mbavu za upande mmoja zikainuka. Isichanganywe na kibiongo, ambacho humwinamisha mtu mbele. Kwa mtoto, kibiongo chenye kona kali hutufanya sisi madaktari tuwaze kwanza kifua kikuu cha mifupa. Skoliosisi ya vijana kwa kawaida haina chanzo kinachojulikana. Hailetwi na begi la daftari, wala ndoo ya maji kichwani, wala kulala ubavu. Katika vijana 100, wawili au watatu wana mpindo wa nyuzi 10 au zaidi, na walio wengi hawatahitaji kisu wala kizibao cha kushikilia mgongo. Usain Bolt alikimbia na mgongo wa aina hiyo.

Vijana hao walio wengi watahitaji kuangaliwa tu. Na hapo ndipo wazazi wanapotushuku. Mtu ametafuta nauli, amekaa foleni tangu alfajiri, ameingia chumbani, anaambiwa, "Rudini baada ya miezi 6." Anatoka akisema hospitali haina dawa. Nakiri kwamba kosa ni letu pia, kwa sababu tunatoa tarehe bila kueleza tunangoja nini.

Tunangoja mtoto arefuke. Mpindo hufuata kimo, haufuati kalenda. Kuna kipindi mtoto hurefuka kwa kasi, msichana aghalabu kati ya miaka 11 na 12, mvulana mwaka mmoja au miwili baadaye, na hicho ndicho kipindi ambacho mgongo uliopinda kidogo unaweza kupinda sana. Kwa msichana, kilele cha kasi hiyo hupita kabla hajavunja ungo. Ndiyo maana daktari humuuliza mama swali linalomfanya binti aangalie sakafu: ameshaanza kupata siku zake? Si udadisi. Jibu lake linatusaidia kujua safari ya kukua imebaki kiasi gani.

Chukua wasichana wawili, kila mmoja na nyuzi 22. Wa kwanza ana miaka 11 na hajavunja ungo. Wa pili ana miaka 15 na alivunja ungo miaka miwili iliyopita. Picha zao za eksirei zinafanana, habari zao hazifanani. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Lonstein na Carlson, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana 727. Waliokuwa na mpindo wa nyuzi 20 hadi 29 na mifupa bado michanga kabisa, asilimia 68 mpindo uliongezeka. Wenye nyuzi hizohizo lakini mifupa imekwisha kukomaa kiasi, asilimia 23. Na waliokuwa chini ya nyuzi 20 na mifupa iliyokomaa kiasi hawakufika hata asilimia 2. Kwa hiyo wa kwanza nitamwita baada ya miezi 4, na wa pili anaweza kungoja zaidi bila mimi kukosa usingizi.

Ukomavu wa mifupa tunausoma kwenye eksirei ileile ya mgongo, kwenye ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Ukingo huo huanza kama gegedu lisiloonekana, kisha mfupa hutokea kidogo kidogo mpaka ukashikamana na nyonga, na hatua zake huhesabiwa kutoka 0 mpaka 5. Sifuri ndiyo inayotutia wasiwasi.

Sasa kuhusu nyuzi zenyewe, maana hapa ndipo machozi mengi hutoka bure. Kipimo tunachotumia kilienezwa na John Cobb wa New York mwaka 1948: unachora mstari juu ya pingili iliyolala zaidi upande wa juu wa mpindo, mwingine chini ya ile ya upande wa chini, na unapima pembe kati ya mistari hiyo. Wapimaji wawili wakipewa picha moja wanaweza kutofautiana kwa nyuzi 5. Kwa hiyo mtoto akitoka 19 na kufika 22, hatuwezi kusema mpindo umeongezeka. Akitoka 19 na kufika 26, umeongezeka. Mtoto apigwe picha akiwa amesimama, kwa sababu akilala mpindo hupungua. Na kama inawezekana, kila picha ipigwe muda uleule wa siku, kwani mgongo wa jioni umechoka kuliko wa asubuhi. Tena ilinganishwe na picha ya kwanza kabisa, siyo ya mwisho pekee. Nyuzi 3 leo, 3 kesho na 3 keshokutwa hakuna atakayeshtuka, kumbe zimeshakuwa 9. Ndiyo sababu nasisitiza bahasha ya picha za zamani isitupwe, hata ikikunjamana.

Nyumbani kuna njia isiyo na mionzi. Mtoto asimame miguu pamoja, magoti yamenyooka, viganja vimekutana, ainame kama anayeokota kitu. Wewe kaa nyuma yake na utazame mgongo kama fundi mwashi anavyotazama ukuta. Kipimo hiki kina jina la William Adams, daktari wa Uingereza wa karne ya 19. Kliniki tunaongezea kifaa mfano wa pima maji, tunakilaza mgongoni, na kikionyesha mwinamo wa nyuzi 7 tunaomba picha. Fanya hivyo kila baada ya miezi 3, na siku hiyohiyo weka alama ya kimo kwenye fremu ya mlango. Usimwinamishe kila jioni. Msichana wa miaka 12 anayekaguliwa kila siku huanza kuvaa sweta hata kwenye joto la Machi.

Picha nazo zina gharama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia wanawake 5,573 wa Marekani waliokuwa na skoliosisi, kila mmoja akiwa amepigwa wastani wa karibu picha 25. Vifo vya saratani ya matiti vilizidi matarajio. Mashine za leo hutoa mionzi kidogo kuliko zile, na mtoto akisimama mionzi ikaingilia mgongoni, kifua chake hupata kidogo zaidi. Una haki ya kuuliza atasimama vipi.

Mpindo ukifika kati ya nyuzi 25 na 40 na mtoto bado anakua, tunazungumzia kizibao kigumu cha plastiki. Katika jaribio la Marekani na Kanada lililotangazwa mwaka 2013, asilimia 72 ya waliopewa kizibao walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50, dhidi ya asilimia 48 ya walioangaliwa tu. Waliokivaa kwa takriban saa 13 au zaidi kwa siku walifanikiwa zaidi ya asilimia 90. Kinachokaa kabatini hakisaidii, na nawaelewa wanaokichukia. Fulana nyembamba ya pamba ndani yake hupunguza vipele. Kizibao hakinyooshi mgongo moja kwa moja, kazi yake ni kuuzuia usizidi. Upasuaji huanza kujadiliwa kuanzia nyuzi 45 au 50.

Msingoje tarehe ya kliniki iwapo mtoto anaamshwa usiku na maumivu ya mgongo, miguu inakosa nguvu au ganzi inaingia, ameanza kujikojolea, au mpindo umeonekana kabla ya miaka 10. Hapo huenda tatizo limejificha kwenye uti wenyewe wa neva.

Alama za mlangoni zikikaa mahali pamoja mwaka mzima, mahudhurio hupungua. Mpindo chini ya nyuzi 30 kwa kawaida hutulia, lakini uliozidi 50 huweza kuendelea taratibu, kama nyuzi moja kwa mwaka, hata utu uzima. Na siku mnapokuja na binti, mleteni na mdogo wake. Hali hii hutembea kwenye ukoo, na kumwinamisha hakuchukui hata dakika moja.