Diski ya SSD ikigoma, usikubali haraka kupigiwa Windows upya

MWENYE duka la pembejeo anafungua mlango asubuhi, anawasha kompyuta, na badala ya picha aliyoizoea anakuta kioo cheusi chenye maandishi meupe: diski haionekani. Jana jioni umeme ulikatika mara mbili. Ndani ya kompyuta hiyo kuna orodha ya wakulima waliochukua mbolea na mbegu kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno, na daftari jingine hakuna.

Diski za zamani, zile zenye sahani inayozunguka, mara nyingi zilikuwa zikikwaruza na kugonga kabla ya kufa, hivyo mwenye mali alipata muda wa kunakili kazi zake. SSD haina kinachozunguka. Kumbukumbu hukaa kwenye chipsi kama chaji za umeme, na diski inaweza kuzimika leo bila dalili yoyote jana.

Kosa kubwa hufanyika saa ya kwanza, pale fundi anapopewa mashine na kuamua kuifuta ili apige Windows upya. Kwenye diski ya zamani faili zilizofutwa ziliweza kuokolewa. Kwenye SSD, kompyuta huiarifu diski kuwa nafasi ile haihitajiki tena, na diski huisafisha yenyewe. Baada ya hapo hata fundi hodari hana cha kuokoa. Kabla ya kuiacha mashine dukani kwake, mwambie wazi kwamba unachotaka ni kumbukumbu, diski baadaye.

Hatua ya kwanza ni kuingia kwenye BIOS, ule ukurasa unaofunguka kwa kubonyeza F2 au Delete kompyuta inapowaka, na kutazama kama jina la diski lipo. Kama halipo, zima, chomoa umeme, kisha chomeka upya waya za diski au jaribu waya nyingine. Waya iliyolegea huua "diski" nyingi ambazo kwa kweli ni nzima.

Bado haionekani? Kuna jambo wengi hawalijui. Umeme unapokatika ghafla, ramani ambayo SSD huitumia kujua kila faili imelala wapi huweza kuvurugika. Diski ikipewa umeme tu bila kuulizwa chochote, wakati mwingine huitengeneza ramani hiyo yenyewe. Kwenye kompyuta ya mezani chomoa waya ya data, acha ile ya umeme, washa na uiache dakika 20 hadi 30. Zima kwa nusu dakika, kisha rudia. Kwenye kompyuta ya mapajani, iache kwenye ukurasa wa BIOS kwa muda huohuo. Si dawa ya kila ugonjwa, lakini haigharimu kitu.

Ikionekana, nakili kwanza. Usianze kuendesha programu za kurekebisha makosa, kwani huandika juu ya diski ambayo tayari ni mgonjwa. Kuna diski ambazo zikichoka hukataa kuandikwa lakini hukubali kusomwa. Hiyo ni nafasi ya mwisho ya kutoa mali. Ukishamaliza, programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha afya na joto la diski.

Wengi hudhani SSD hufa kwa kuandikwa sana. Kwa duka, hilo si la kuhofia. Diski ya Samsung 870 EVO ya gigabaiti 250 ina dhamana ya kuandikwa terabaiti 150; duka linaloandika gigabaiti 20 kwa siku lingehitaji miaka 20 kufika huko. Umeme usiotulia ni adui wa karibu zaidi, na UPS ndogo ni kinga yake.

Adui mwingine ni programu iliyomo ndani ya diski yenyewe. Novemba 2019 kampuni ya HPE ya Marekani ilitangaza kuwa baadhi ya SSD za seva zake zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwa kwenye umeme, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data isingeweza kurudi. Tiba ilikuwa kuweka toleo jipya la programu hiyo kabla ya saa kutimia. Walionunua seti nzima siku moja ndio waliokuwa hatarini zaidi, kwani hata diski ya akiba ingekufa pamoja na wenzake.

Kisha kuna bandia. Zipo SSD za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikiandikwa terabaiti 2, ndani zikiwa na kadi ndogo ya kumbukumbu. Hupokea faili zote bila kulalamika, na siku ya kuzifungua hazifunguki. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski yote kisha huisoma kuthibitisha. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, hivyo ifanye diski ikiwa tupu na muuzaji bado anakubali kuirudisha.