Msasa laini huombwa kwa namba

UKIFIKA Ilula, mkoani Iringa, msimu wa nyanya, tazama ubavu wa pikapu zinazopakia matenga. Ni chache zisizo na mikwaruzo. Tenga likiburuzwa vibaya mara moja tu, msumari unaacha mstari kutoka mlangoni hadi kwenye karia.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo, mstari huo ni hasara. Ukifika kwenye bati, maji huanzisha kutu. Siku ya kuuza gari, mnunuzi huzunguka bodi kwanza kabla ya kuomba afunguliwe boneti, na kila doa analoliona ni sababu ya kushusha bei.

Hasara hiyo naijua. Niliwahi kuziba mkwaruzo wa pikapu yangu kwa rangi ya chupa ndogo yenye brashi. Rangi ilipokauka iliacha kinundu. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikaomba "msasa laini". Muuzaji akanipa namba 220, ambao kwa fundi seremala ni laini kweli. Dakika chache baadaye mlango ulikuwa umefubaa na kujaa mistari, nikalazimika kumlipa fundi rangi aupake mlango mzima.

Kosa lilikuwa langu. Niliomba kwa neno badala ya namba.

Namba ndiyo laini yenyewe

Neno msasa latokana na mti ambao majani yake makavu na yenye kukwaruza yalitumika kulainishia mbao. Siku hizi msasa ni karatasi yenye chembe, na namba iliyo nyuma yake hueleza ukubwa wa chembe hizo. Namba ikipanda, chembe zinapungua ukubwa.

Kinundu cha rangi ya gari huhitaji P1500 au P2000, na P3000 ya kumalizia. Sababu ni kwamba tabaka la juu linalong'aa, ambalo mafundi huliita klia, kwa kawaida lina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, karibu nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia.

Angalia pia herufi P, yaani kipimo cha Ulaya. Karatasi isiyo na P huenda imepimwa kwa kipimo cha Marekani, ambacho namba 600 yake inakaribia P1200. Usichanganye vipimo hivyo viwili katika kazi moja.

Tena uwe msasa wa maji. Karatasi ya kawaida ya seremala ikilowa hulegea na kumwaga chembe zake.

Wapi utaupata

Usipoteze nauli kuzunguka maduka ya saruji na misumari. Nenda maduka yanayochanganya rangi za magari. Dar es Salaam, anzia Kariakoo na Gerezani. Kwenye mji mdogo, muulize fundi rangi wa gereji ananunua wapi, au akuuzie kipande.

Karatasi moja ya kawaida ni sentimeta 23 kwa 28. Ukiikata unapata vipande vinane vya sentimeta 7 kwa 11.5, vinavyotosha mikwaruzo mingi. Andika namba nyuma ya kila kipande kabla hujakata, kwani vingine vitabaki bila chapa.

Namna ya kufanya

Kama bati limeanza kutu, ondoa kutu yote na upake praima kwanza. Paka rangi kwa matabaka membamba, kisha iache ikauke siku kadhaa, ikiwezekana wiki nzima. Loweka msasa dakika 10 hadi 15 kwenye maji safi yenye tone la sabuni. Uzungushie kipande kidogo cha mpira kilichonyooka, usugue kinundu peke yake, taratibu, ukiongeza maji.

Tazama maji yanayotiririka. Kwenye gari lenye klia, ukivuka kinundu na kugusa klia yenyewe maji huwa meupe kama maziwa. Simama hapo hapo. Epuka kingo za mlango, kwa sababu hapo rangi ni nyembamba zaidi. Malizia kwa P3000, kisha kompaundi na kitambaa laini.

Kwa wenye maduka

Wewe unayeuza spea au vifaa mjini kwenu, hapa pana biashara. Weka pakiti moja moja ya P1500, P2000 na P3000, uuze kwa karatasi au nusu karatasi. Mteja akisema "laini", muulize ni ya kazi gani.

Nawe mwenye gari, kabla ya kwenda gereji andika kwenye daftari bei ya karatasi moja, na pembeni bei ya kupaka mlango mzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba kwa msasa usiofaa, nikaujenga ukuta vilevile.