Biogesi ya mkonge

Biogesi ya mkonge ni gesi ya kuwaka inayopatikana kwa kuozesha mabaki ya majani ya mkonge mahali pasipo na hewa. Nchini Tanzania huhusishwa hasa na shamba la mkonge la Hale, wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga.

Asili ya mabaki

Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Jani likipita katika mashine ya korona, singa zinazopatikana ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Maji na nyama ya jani vilivyobaki vilikuwa vikitupwa mashambani au kumwagwa mitoni. Vikioza mtoni humaliza oksijeni ya maji na kuua samaki. Vikioza katika marundo hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia.

Mtambo wa Hale

Kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa majaribio huko Hale kwa ufadhili wa serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) na Common Fund for Commodities. Ulizinduliwa mwaka 2008, ukiwa na jenereta ya kilowati 150.

Muundo wa tangi

Ndani ya tangi, kundi moja la vijidudu huvunja mabaki na kutoa asidi, na kundi lingine hugeuza mazao hayo kuwa methani na dioksidi ya kaboni. Kundi la pili hufanya kazi polepole. Mabaki yakiingizwa haraka mno, asidi hujaa na gesi hukoma. Kwa hiyo mitambo mingine hutenganisha hatua hizo katika matangi mawili.

Tatizo lingine ni singa fupi zilizobaki: huelea, hufanya utando mgumu na kuziba mabomba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulionyesha kuwa mabaki ya singa yaliyosagwa hadi milimita 2 yalitoa methani zaidi kwa asilimia 23 kuliko yasiyosagwa.

Hata hivyo kusaga, kukoroga na kusukuma maji hutumia umeme. Ubora wa mtambo hupimwa kwa nishati inayobaki baada ya kutoa ile unayotumia wenyewe. Joto la jenereta, ambalo vinginevyo hupotea, linaweza kupasha tangi hadi nyuzi 35 hivi za selsiasi zinazofaa vijidudu.

Matumizi

Biogesi huendesha jenereta na hufaa kwa kupikia. Methani yake inaweza pia kuwa malighafi ya methanoli, lakini lazima kwanza sulfuri iondolewe, kwa kuwa huharibu vichocheo vya kiwandani. Tena kuigeuza methani kwa mvuke huhitaji joto kali sana. Tope linalobaki tanginini lina nitrojeni na fosforasi, hivyo hurudishwa shambani kama mbolea.